GROGAN: MZUNGU ALIYEPANDISHA SAMAKI MLIMANI

Mtu wa pwani akitajiwa uvuvi, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye dema, jarife, uzio na mshipi wa mkono, na machoni mwake huona ngalawa zikirudi na upepo huku wachuuzi wakisubiri ufukoni. Uvuvi kwake ni riziki. Lakini humu humu nchini Kenya uko uvuvi wa namna nyingine, unaofanywa kwa ufito mrefu mwembamba, kwenye vijito vya milima ya baridi na kwenye ziwa la Naivasha, na wengi wa wanaoufanya hawatazamii kupeleka samaki sokoni. Samaki wanaotafutwa huko, yaani trauti wa mlimani na besi wa ziwani, si wenyeji wa nchi hii. Waliletwa. Na ukimtafuta mtu aliyeanzisha mambo hayo ya kuleta samaki wageni, utafika kwa Mwingereza mmoja ambaye jina lake bado linatamkwa na makanga na mafundi wa magari wa Nairobi kila siku, pengine bila wao kujua linatokana na nani. Jina hilo ni Grogan.

Ewart Scott Grogan alizaliwa Uingereza mwezi wa Desemba mwaka wa 1874, katika nyumba yenye watoto wengi mno. Inasemekana baba yake alipata watoto 21. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, akafukuzwa kwa utundu. Akajaribu kusomea uchoraji, napo hakudumu. Mwaka wa 1896 alikuwa kusini mwa Afrika akipigana upande wa Waingereza katika vita dhidi ya Wamatabele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Vita vilipokwisha alikuwa mgonjwa hoi, akasafiri hadi New Zealand kupumzisha mwili.

Huko New Zealand alimpenda binti aliyeitwa Gertrude Watt. Baba wa kambo wa binti huyo hakuridhika na kijana asiye na kazi wala cheo. Hadithi iliyoenea ni kwamba Grogan aliahidi kuthibitisha uanaume wake kwa kutembea Afrika yote kutoka kusini hadi kaskazini, jambo ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelifanya. Basi mwaka wa 1898 alianza safari kutoka Beira, Msumbiji, pamoja na mwenzake Arthur Sharp. Wakapanda mito ya Zambezi na Shire, wakapita maziwa ya Nyasa na Tanganyika, wakavuka nchi ya milima ya moto karibu na ziwa la Kivu. Sharp alikata tamaa njiani akarudi. Grogan akaendelea na wapagazi wachache kupitia vinamasi vya mto Nile, na mapema mwaka wa 1900 akafika Cairo. Mwaka huo huo alitoa kitabu juu ya safari yake, akaoa, na jina lake likavuma Uingereza nzima.

Katika sifa zote alizopewa, wapagazi waliobeba mizigo yake hawakutajwa sana. Tukumbuke neno hilo la wapagazi, kwani litarudi tena.

KUFIKA NAIROBI

Grogan alikuja Afrika ya Mashariki mwaka wa 1904. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka wa 1899, na mji wenyewe ulikuwa bado ni mabanda ya mabati, matope na mahema. Yeye aliona pesa pale wengine walipoona tope. Alijipatia haki ya kukata miti katika misitu mikubwa ya Bonde la Ufa. Alijipatia ardhi ya kinamasi kandokando ya mto Nairobi, chini ya mji, ambayo wengine waliidharau. Barabara iliyopita hapo ikapewa jina lake, na ingawa baada ya Uhuru ilibadilishwa ikaitwa Kirinyaga Road, hadi leo mwenye gari bovu akitafuta vipuri vya bei nafuu huambiwa aende Grogan.

Upande wa magharibi wa mji, juu ya kilima kinachotazama mto, alijenga nyumba yake na kupaita Chiromo. Liko pia pahali pa jina hilo huko Malawi, pale mto Ruo unapoingia Shire, katika njia aliyopita wakati wa safari yake kuu. Leo Chiromo ya Nairobi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mahali wanaposomea vijana wa sayansi, na wakazi wa mji hupajua pia kwa chumba cha maiti.

Msomaji azingatie pia jina la mji wenyewe. Nairobi ni neno la Kimaasai lenye maana ya maji baridi. Mito inayoteremka kutoka upande wa magharibi, kama vile mto Nairobi wenyewe na vijito vya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, wakati huo ilikuwa safi. Mzungu aliyezoea mito ya Uingereza aliitazama mito ya nyanda za juu, akaona maji baridi yaendayo kasi juu ya mawe, lakini ndani yake hakukuwa na samaki aliyemjua. Wakoloni wengi waliliona hilo wakasikitika tu. Grogan aliamua kuleta samaki.

MAYAI YALIYOSAFIRI

Mwaka wa 1905 Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, ziwa la Uskochi linalosifika kwa samaki huyo. Yai la trauti ni dogo kama punje ya mtama mnene, na lina sharti moja kubwa: lazima likae kwenye baridi na unyevu. Yakipata joto hufa. Yakikauka hufa. Wakati huo njia ya kuyasafirisha ilikuwa kungoja hadi macho ya kisamaki yaonekane ndani ya yai kama nukta nyeusi, kisha kuyapanga kwenye sanduku lenye unyevu na kuyazungushia barafu, na barafu hiyo isiishe njiani.

Fikiria sasa safari hiyo. Mayai yatoke Uskochi, yavuke bahari, yaletwe katika nchi iliyo kwenye ikweta, yapande garimoshi hadi bara, na mwisho yapelekwe mtoni katika milima ya Nyandarua, ambayo Wazungu waliiita Aberdare. Huko hakukuwa na barabara wala reli. Mizigo yote ilipanda mlima juu ya vichwa na migongo ya watu. Mto uliochaguliwa ulikuwa Gura, wenye maji ya baridi kali yanayoporomoka kwa kasi. Mayai yakaanguliwa, vifaranga wakashika maisha, na trauti wakazaana. Baadaye, mwaka wa 1910, akaletwa trauti wa aina nyingine, yule wa rangi za upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini. Kutoka mto hadi mto wakasambazwa Nyandarua, Mlima Kenya na kwingineko, na mwaka wa 1948 serikali ya kikoloni ikawa na kituo cha kuwazalisha huko Kiganjo, karibu na Nyeri.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kwa mtu wa pwani. Maji ya Gura huteremka yakaingia Chania ya Nyeri, kisha Sagana, kisha Tana, na mwisho hufika Kipini yakamwagika katika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo maji anayooga mtoto wa Kipini yalipita kwa trauti wa Grogan. Lakini trauti mwenyewe hafiki. Akiteremka hadi nyanda za joto, hewa iliyomo majini humpungukia akafa. Amebaki kuwa mfungwa wa baridi ya mlima, kama walivyokuwa mabwana waliomleta, ambao nao waliikimbia pwani kwa joto na kuzikimbilia nyanda za juu.

Wakikuyu waliokuwa wakiishi chini ya milima hiyo hawakuwa walaji wa samaki siku hizo. Hata hivyo sheria ziliwekwa kuwalinda trauti, na kuwavua kulihitaji kibali na ufito wa namna maalumu. Mwenyeji aliyetia mkono mtoni, kwenye maji ya babu zake, aliitwa mwizi. Waliopandisha samaki mlimani kwa migongo yao hawakualikwa kwenye karamu.

MBELE YA MAHAKAMA

Haifai kusimulia habari za Grogan na samaki wake, halafu tukanyamazia yaliyotokea Nairobi tarehe 14 Machi mwaka wa 1907. Siku hizo mabibi wa Kizungu walisafiri mjini kwa rikisho zilizovutwa na Waafrika. Dada yake Grogan na rafiki yake walipanda rikisho jioni moja, na ikadaiwa kwamba wavutaji waliitikisa kwa makusudi na kuwakosea adabu. Grogan hakupeleka mashitaka popote. Aliwachukua Wakikuyu watatu hadi mbele ya jengo la mahakama, umati wa Wazungu ukakusanyika, na hapo hadharani akawachapa viboko. Hakimu alitoka nje kujaribu kuwazuia, hakusikilizwa.

Wakati huo Grogan alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi. Alitaka ionekane kwamba sheria ya mlowezi iko juu ya sheria ya mahakama, ndiyo maana akauchagua uwanja ule. Habari zilifika hadi Bunge la Uingereza zikazua makelele. Grogan na wenzake wakashitakiwa, lakini kosa walilosomewa lilikuwa la kukusanyika kinyume cha sheria; la kuwaumiza watu halikuwa mbele. Yeye alihukumiwa mwezi mmoja. Hata kifungo chenyewe hawakukitumikia pamoja na wafungwa wengine, bali waliwekwa katika nyumba moja huko Nairobi Hill.

Miaka miwili tu inatenganisha mayai ya Gura na viboko vya Nairobi, na mtenda ni yule yule. Mtu aliyekuwa na subira ya kulinda yai dogo lisipate joto kutoka Uskochi hadi Nyandarua hakuwa na subira ya kumsikiliza binadamu mwenzake hata nusu saa. Kila anayemsifu Grogan kwa ujasiri wake hana budi kuyaweka mambo haya mawili kwenye mizani moja.

MALI NA MAJENGO

Miaka iliyofuata Grogan alizidi kutajirika na kuzozana na serikali, mara nyingi kwa pamoja. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi la Kiingereza, akawa kiungo kati yao na Wabelgiji wa Kongo. Mwaka wa 1928 alifungua hoteli ya Torr's katikati ya Nairobi, kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Ilikuwa jengo la fahari la ghorofa kadhaa, na walowezi walikusanyika hapo kunywa, kucheza dansi na kusimuliana uongo juu ya ukubwa wa samaki waliowavua. Mwafrika aliingia kwa mlango wa watumishi. Baadaye jengo hilo liligeuzwa kuwa benki.

Sisi watu wa pwani tunamjua kwa mambo mengine mawili. La kwanza ni Mbaraki, Mombasa, si mbali na ule mnara wa kale ambao wazee wetu wameuheshimu vizazi kwa vizazi. Grogan alijipatia ardhi ya ufukweni hapo, penye kina kirefu cha maji, na katika miaka ya 1920 pakajengwa gati. La pili ni Taveta. Huko alilima mkonge katika mashamba makubwa, akayaelekeza maji ya mto Lumi kwenye mifereji, na juu ya kilima cha Girigan akajenga nyumba kubwa kama ngome. Anayeketi juu ya kilima hicho humuona Kilimanjaro upande mmoja na ziwa Jipe upande wa pili. Suala la nani ana ardhi na nani hana limeendelea kuwaumiza wakazi wa Taveta hata baada ya mwenye ngome kuondoka.

Bibi Gertrude alifariki mwaka wa 1943. Kwa kumkumbuka, Grogan alitoa ardhi Muthaiga, na mwaka wa 1947 ikafunguliwa hospitali ya watoto inayoitwa Gertrude's. Hospitali hiyo ipo hadi leo na imewatibu watoto wa kila rangi na kila dini. Grogan mwenyewe aliuona Uhuru wa Kenya, kisha akahamia Afrika Kusini, akafia Cape Town mwaka wa 1967 akiwa na umri wa miaka 92.

BESI WA NAIVASHA

Mlango alioufungua Grogan haukufungwa tena. Katika ziwa Naivasha, safari ya kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi, palikuwa na samaki mmoja tu wa asili, tena mdogo sana. Mwaka wa 1925 wakatiwa ngege kutoka mto Athi, na kufikia mwaka wa 1929 wakatiwa besi wa mdomo mpana kutoka Marekani. Besi ni mla nyama, na kisamaki kidogo wa asili alikuwa kwake kitoweo. Mara ya mwisho kisamaki huyo kuonekana ni mwaka wa 1962. Mwaka wa 1970 waliletwa kamba wa maji baridi, ambao asili yao pia ni Marekani, nao wakafyeka majani ya majini. Kila mgeni alibadilisha ziwa, na hakuna aliyeweza kulirudisha lilivyokuwa.

Lakini ni kweli pia kwamba samaki hao wageni wamelisha watu. Uvuvi wa biashara wa Naivasha umewategemea wao, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa ngege na besi.

Kijana anayetaka kuanza uvuvi huu leo hahitaji kuwa bwana mkubwa. Kwanza atafute kibali, kwani bila hicho ni kosa. Kwa trauti atahitaji ufito mwepesi, mshipi, na nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ikafanana na mdudu. Trauti hukaa kichwa chake kikielekea maji yanakotoka, akingoja maji yamletee chakula. Kwa hiyo mvuvi husimama nyuma yake, upande wa chini wa mto, akamtupia nzi mbele ili ateremke na maji kama mdudu wa kweli. Kivuli cha mtu kikipita juu ya maji, samaki huyo hamuoni tena. Besi ana tabia nyingine: hujificha kwenye mafunjo na mayungiyungi, akamvizia mpita njia. Yeye hutupiwa kisamaki au chura wa bandia karibu na majani, asubuhi mapema au jua likielekea kuchwa. Na huko Naivasha asiyemchunga kiboko asijidai mvuvi. Mtu aliyezoea kuvua kwa mshipi katika bandari ya Kilindini hatashindwa na lolote katika haya. Mkono wake tayari unajua tofauti ya samaki anayeonja chambo na yule aliyekwisha kukimeza.

Liko neno moja la kuwausia vijana wetu. Kwetu samaki ni halali bila kuchinjwa, naye Mwenyezi Mungu ametufungulia mlango huo kwa rehema yake. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Kumchoma samaki kwa ndoana kisha kumrudisha, kwa furaha ya kumchoma tu, ni jambo la kuuliza kwa wenye elimu kabla ya kulifanya. Kuvua kwa nia ya kula, na kumgawia jirani, hakuna shaka ndani yake.

Mito ya Nairobi, ile yenye jina la maji baridi, haiwezi leo kumkirimu trauti wala besi. Inapopita Chiromo na kushuka hadi Grogan hubeba taka na mafuta ya magari. Kule juu Nyandarua, Gura bado ni safi, na vizazi vya mayai yale ya mwaka wa 1905 bado vinaogelea humo. Majina ya watu waliopandisha mizigo ile mlimani hayakuandikwa mahali popote, wala majina ya wale watatu hayakuwekwa kwenye barabara yoyote ya mji. Atakayemkamata trauti wa Gura akamla kwa bismillahi, na akumbuke kwamba kila samaki wa mto ule alifika kwa jasho la watu hao.